Mashindano ya sanaa: majina ya wasanii yafichwe wakati wa kupiga kura?

#1 BrashiYaUyole
Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo limenikaa kooni tangu mashindano ya uchoraji yaliyofanyika hapa Mbeya mjini. Kazi zilitundikwa ukumbini, kila moja na kikaratasi chini yake: jina kamili la msanii, mtaa anaoishi na mahali anapofanyia kazi. Anayeingia anapewa karatasi moja ya kura. Nilikaa karibu na mlango nikitazama, na watu wengi waliinama kusoma kikaratasi kwanza ndipo wakainua macho kwenye mchoro. Wapo walioingia wakiuliza "ya fulani iko wapi?", wakaonyeshwa, wakapiga kura, wakatoka. Kazi nyingine hawakuzigeukia.

Ukutani kulikuwa na mchoro wa akriliki wa akina mama wakishusha viazi sokoni Mwanjelwa alfajiri, ukungu umewafunika mpaka kiunoni. Aliyeuchora ni kijana ambaye hakuna aliyemjua. Ulipata kura za kuhesabu kwenye vidole. Aliyeshinda ni mtu maarufu, namheshimu sana, ila mchoro ule ameshaurudia mara nyingi na kila duka la fremu mjini unaning'inia.

Dai langu: majina yafichwe mpaka kura zihesabiwe, kazi iwe na namba tu. Baraza la Mitihani linafanya hivyo. Mtoto kwenye mtihani wa taifa haandiki jina, anaandika namba, na sote tunaona ni haki kwa mtoto wa Chunya na wa Dar. Mchoraji ana kosa gani? Nawasilisha.

#2 Ndaga_Sana
Ndaga mkuu, naunga mkono. Tena kuna jambo hujaligusa. Huku kwetu jina la ukoo linataja mpaka wilaya. Ukiona limeanza na Mwa- umeshajua watu wa Mbeya hawa, na wenyeji wataenda mbali zaidi, wakwambie huyu wa Rungwe, huyu wa Kyela. Majina ya Wakinga nayo yanajulikana, umeshafika Makete. Mtu anapiga kura akidhani anachagua mchoro, kumbe anamchagua wa kwao, na hata mwenyewe hajui.

#3 Kihesa_Juu
Kamwene wadau. Mimi wa Iringa, napinga. Majina hayana hatia hapo, kosa ni kumpa kila apitaye njia karatasi ya kura. Ficha majina leo, jioni hiyohiyo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo utasoma: "Ndugu zangu, kazi yangu ni namba 14, msiniangushe." Mtakuwa mmemficha msanii kwa yule tu asiye na ndugu mle ndani, na huyo ndiye pekee aliyekuwa anakwenda kuangalia michoro.

#4 BrashiYaUyole
Kihesa_Juu, hilo la kampeni ni kweli. Dawa yake ni namba kugawiwa asubuhi ya kura, msanii mwenyewe asiijue kabla.

#5 Kihesa_Juu
Ataingia ukumbini, ataiona kazi yake, ataisoma namba, atatoa simu mfukoni. Dakika mbili.

#6 Loleza
Na tusidanganyane, mji wenyewe huu tunajuana. Wachoraji wanaoishi kwa brashi hapa Mbeya nikiona milima yao najua ni nani. Kuna mmoja anga lake lazima liwe la zambarau. Mwingine hachori mikono, kila mtu wake mikono iko nyuma au ndani ya kanga. Majaji wetu ndio hao waliowafundisha. Unaficha jina, mkono wa mtu unauficha wapi?

#7 Mwalimu_Chaki
Salamu kutoka Njombe. Nafundisha sanaa za ufundi, naomba nitoe mfano mmoja mrefu kidogo kwa sababu naona unajibu nusu ya maswali.

Mwaka 1981 Marekani walishindanisha michoro ya mnara wa kuwakumbuka askari wao waliokufa Vietnam. Kazi 1,421 ziliingia, na zilipangwa ndani ya banda la ndege, kila moja na namba, bila jina. Majaji walichagua namba 1026. Walipofungua wakamkuta Maya Lin, msichana wa miaka 21, bado mwanafunzi wa Yale, wazazi wake ni wahamiaji kutoka China. Alikuwa amechora ukuta mweusi ulioshuka ardhini ukiwa na majina ya marehemu. Jina lake lilipotangazwa palizuka kelele nyingi. Wengine waliupinga ukuta wenyewe, kwamba ni mweusi na umezama kama kaburi. Wengine walimpinga yeye, asili yake na umri wake. Hatimaye ikaongezwa sanamu ya askari watatu pembeni ili kuwatuliza waliopinga.

Sasa jiulizeni: jina lingekuwa wazi toka mwanzo, namba 1026 ingefika hata raundi ya pili? Mimi siamini. Na ukuta ule leo ni miongoni mwa minara ya kumbukumbu inayotembelewa sana pale Washington.

#8 KijanaWaSoweto
Mwalimu umetisha. Na mimi niongeze, yule Banksy, mchoraji wa mitaani wa Uingereza, mwaka 2015 alituma kazi kwa jina la bandia kwenye maonyesho makubwa ya London, wakaitupa. Jina la Banksy lingekuwepo wangeipiga busu.

#9 FundiFremu
Ilikuwa 2018. Ni maonyesho ya kiangazi ya Royal Academy, yanafanyika kila mwaka tangu 1769. Alijiita Bryan S Gaakman, wakamkataa. Baadaye mratibu wa maonyesho hayohayo akamtafuta Banksy kumwomba kazi, asijue ni mtu yuleyule. Akawapelekea ileile akiwa ameibadilisha kidogo, na safari hii ikatundikwa. Ila angalieni mfano huu unavyokata pande zote mbili. Jina lilipofichwa kazi ilikosa nafasi, jina lilipotajwa ikapata. Anayetaka kuamini kuwa kazi haikuwa nzuri na jina ndilo lililoibeba, ana haki. Anayetaka kuamini kuwa wachaguzi hawaoni kazi nzuri mpaka waambiwe ni ya nani, naye ana haki.

#10 Ndaga_Sana
Vyovyote vile, jina ndilo lililofanya kazi. Si ndilo tunalolalamikia?

#11 MamaMilulu
Wanangu hamjambo. Nimewasoma wote tangu juu.

Mimi nasuka vikapu vya nyasi za milulu, Iringa huku. Kikapu changu kikitoka nyumbani kinaitwa kikapu cha Iringa. Kinapanda basi, kinafika Dar, kinavuka bahari, kinakaa kwenye meza ya mtu asiyenijua. Jina langu hata Ipogolo, hapo chini ya mji, haliteremki. Nimewahi kushindanisha vikapu mara kadhaa, na kila mara kadi inaandikwa jina la kikundi, au jina la aliyekuja kuvinunua kwa jumla. Nyinyi wachoraji mnataka majina yafichwe siku ya kura tu, kisha yarudi. Letu halijawahi kuwepo ili lifichwe.

Mnaposema namba inatenda haki, nawaelewa, mtoto wangu naye amefanya mtihani kwa namba. Lakini mtoto cheti kikitoka kinatoka na jina lake, awe wa kwanza au wa mwisho. Kwenye mashindano yenu anayetajwa ni mshindi na wawili wanaomfuata. Waliobaki wanaondoka ukumbini wakiwa namba vilevile. Watu wameshakula, wameshapiga picha, wameenda zao. Nani atarudi kesho kusoma majina?

#12 BrashiYaUyole
Shikamoo mama. Hili sikulifikiria kwa upande huo. Je, kura zikishahesabiwa kazi zibaki ukutani wiki nzima zikiwa na majina yote kwa herufi kubwa? Mshindi na wasioshinda.

#13 MamaMilulu
Marahaba mwanangu. Wiki nzima ukumbi analipia nani?

#14 Nyasa_Kaskazini
Mama kasema kweli tupu, na Kyela huku hali ni hiyo. Vyungu vya Wakisi vinafinyangwa na wanawake, Ikombe na vijiji vya pwani ya ziwa, vinapakiwa mtumbwini mpaka soko la Jumamosi Lyulilo, karibu na Matema. Mnunuzi kutoka Mbeya anaona vyungu tu, vyembamba, mviringo safi, anavisifu anaondoka. Lakini mama mkwe wangu akikishika chungu, akagonga kidogo na kupitisha kidole mdomoni mwake, anakutajia aliyekifinyanga na mara nyingi anakutajia na aliyemfundisha. Anayejua ufinyanzi hahitaji kadi. Kwa hiyo kuficha jina kunamficha fundi kwa wasiojua tu. Namuunga mkono Loleza, ila kwa sababu nyingine kabisa.

#15 Kihesa_Juu
Na mimi namuunga mkono mama mkwe wako. Wapeni watu kama yeye watano ndio wawe majaji, kura za wapita njia zifutwe, majina yaandikwe wazi. Mzozo umekwisha.

#16 Loleza
Watano wote wa Ikombe? Basi chungu cha Ikombe kitashinda mpaka Yesu arudi.

#17 MlinziWaHoja
Naomba turudi kwenye ushahidi. Okestra kubwa za Marekani zilikuwa zinaajiri wanamuziki kwa majaribio, na kuanzia miaka ya 1970 nyingi zikaweka pazia kati ya mpigaji na wasikilizaji. Wengine walitandika zulia ili viatu vya kike visisikike. Mwaka 2000 Claudia Goldin na Cecilia Rouse walitoa utafiti kuwa pazia lilisaidia wanawake kuvuka raundi za mwanzo. Goldin huyo ndiye aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2023. Hapo mnataka nini tena?

#18 FundiFremu
Uusome mpaka mwisho mkuu. Kwenye nusu fainali za majaribio yale matokeo yalikwenda kinyume, wanawake hawakunufaika na pazia. Na watu wa takwimu wameukosoa kwa sababu idadi za watu katika baadhi ya makundi ni ndogo mno kubeba hitimisho kubwa. Sisemi pazia ni baya. Nasema usiliweke mezani kama limeshamaliza kesi.

#19 MlinziWaHoja
Raundi za mwanzo ndizo zenye watu wasiojulikana wengi. Huko ndiko haki inakohitajika zaidi. Sirudi nyuma.

#20 Mwalimu_Chaki
Mimi nahisi wote mmekazia jina mkasahau vitu vingine vinavyomwongoza mpiga kura. Watafiti watatu waliokuwa Marekani, Salganik, Dodds na Watts, mwaka 2006 walitoa jaribio lililofanyika kwenye mtandao. Watu zaidi ya 14,000 walipewa nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Waliogawiwa upande mmoja walisikiliza bila kuona wengine wamechagua nini. Waliogawiwa upande wa pili walikuwa katika makundi tofauti, na waliona kila wimbo umepakuliwa mara ngapi ndani ya kundi lao. Huko kwenye kuona idadi, nyimbo zilizotangulia zilizidi kutangulia, na wimbo ulioongoza kundi moja haikuwa lazima uongoze lingine. Bendi hazikujulikana hata kidogo, kwa hiyo jina halikumsaidia mtu.

Sasa fikirini mashindano ya siku hizi yanayofanyika Facebook, kila anayefungua anaona picha hii ina alama za kupendwa mia tatu na ile ina tisa. Hapo ukificha jina umefunga dirisha na mlango uko wazi.

#21 KijanaWaSoweto
Kwa hiyo tufiche idadi ya kura au tufiche majina?

#22 Mwalimu_Chaki
Nikilazimishwa kuchagua kimoja, idadi.

#23 BrashiYaUyole
Pale ukumbini kura ziliingia kwenye sanduku, hakuna aliyeona idadi, na bado jina lilishinda. Sikubali, mwalimu.

#24 Msikilizaji_Tukuyu
Naingia kwa mlango wa nyuma. Kuna kitu kinaitwa zamu. Mashindano ya muziki ya Queen Elisabeth kule Brussels, zamu ya kupanda jukwaani inapangwa kwa kura ya bahati. Wachumi wawili, Flôres na Ginsburgh, walipitia matokeo ya miaka mingi wakakuta wanaopiga siku ya kwanza ya fainali wana nafasi ndogo ya kushika nafasi za juu kuliko wanaokuja baadaye. Kama kipaji kimegawiwa bila kujali zamu, tofauti hiyo imetoka wapi? Mleta mada, ule mchoro wa viazi ulitundikwa wapi?

#25 BrashiYaUyole
Kona ya nyuma, karibu na meza ya soda.

#26 Msikilizaji_Tukuyu
Basi huenda tunabishana kuhusu jina wakati kesi ni ya meza ya soda.

#27 Ndaga_Sana
Hapana, karibu na soda ndipo watu hukaa muda mrefu. Wangeuona zaidi ya yeyote.

#28 Mama_wa_Kwaya
Mbeya bila kwaya uzi haujakamilika. Nisaidieni, mashindano ya kwaya mtayafichaje? Moravian na Lutheran huku tunashindana kila mwaka, na sare peke yake mtu ameshaijua kwaya kabla haijafungua mdomo.

#29 Loleza
Wekeni pazia kama okestra.

#30 Mama_wa_Kwaya
Nani akae miezi mitatu anajifunza kuingia jukwaani kwa hatua, halafu afunikwe na pazia? Hatua ni sehemu ya wimbo. Kinachowezekana kwa mchoro hakiwezekani kwa kila sanaa, na wanaoandika kanuni wanatumia karatasi moja kwa wote.

#31 Gangilonga
Nendeni Igeleke hapa Iringa mjini, mkasimame chini ya ule mwamba wenye michoro ya kale. Hakuna anayejua waliochora ni akina nani. Hakuna saini. Na watu wanatoka mbali kuja kuitazama. Kizuri chajiuza.

#32 Kihesa_Juu
Waliochora Igeleke hawakuwa wanagombea zawadi ya pikipiki.

#33 FundiFremu
Kwenye hilo la kizuri chajiuza, mfikirieni Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa Tunduru, akaanza kuchora Dar mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kung'aa kwenye ubao, akafa mwaka 1972. Miaka michache tu ya kazi. Ndugu zake na wanafunzi wake waliendelea, na leo kila mchoro wa mtindo ule unaitwa Tingatinga, aliyeuchora akiwa hai au marehemu. Jina la mtu mmoja limekuwa kama turubai lililowafunika mamia. Wapo wachoraji hodari kabisa mle ndani, wana saini zao pembeni, na mnunuzi anaondoka akisema "nimenunua Tingatinga". Hilo ndilo analolisema MamaMilulu, ila huku limewapata wanaume wenye saini.

#34 MamaMilulu
Umenielewa mwanangu.

#35 Mchongaji_Makambako
Mimi naogopa kitu kingine. Siku hizi mtu anaiambia programu ya kompyuta "nichoree mama wa Kinyakyusa na migomba", anapata picha safi ndani ya dakika. Mwaka 2022 kwenye maonyesho ya jimbo la Colorado, Marekani, picha iliyotengenezwa kwa programu ya aina hiyo iitwayo Midjourney ilishinda kundi la sanaa ya kidijitali. Mkificha majina, mtajuaje aliyechora ni mtu? Jina linabeba historia. Najua huyu nimemwona akichora, nimemwona akiharibu karatasi. Namba haijawahi kuharibu karatasi.

#36 MlinziWaHoja
Yule wa Colorado jina lake lilikuwepo, na alisema ametumia Midjourney alipowasilisha. Jina halikumzuia mtu. Kinachozuia ni kudai kazi yenyewe ije, siyo picha yake kwa simu. Na jaji ageuze kanvasi aangalie nyuma.

#37 Mchongaji_Makambako
Mimi nachonga mninga. Sina wasiwasi wa nyuma wala mbele. Nawasemea wadogo zangu.

#38 Mchora_Mpya
Naomba niseme, ingawa nimejiunga juzi. Mimi ni mmoja wa hao wasiojulikana. Nilishashindana jina likiwa wazi na likiwa limefichwa, mikoa miwili tofauti. Lilipofichwa nilisimama nyuma ya watu wawili waliokuwa wanajadili mchoro wangu bila kujua mwenyewe niko hapo. Walibishana juu ya kivuli, mmoja akasema ni kosa, mwingine akasema ni makusudi. Sikushinda. Lilipokuwa wazi watu walinisalimia, wakaniuliza ni mtoto wa nani, nasoma wapi, kisha wakasogea. Wale wawili wa kivuli ndio walionifundisha kuchora.

#39 BrashiYaUyole
Asante sana kwa hili, mdogo wangu. Kwa mwakani kuna watu wako tayari kupeleka pendekezo kwa waandaaji, na mimi ni mmoja wao. Ninavyoona: namba siku ya kura, idadi ifichwe kama alivyosema mwalimu, mahali pa kutundika papigiwe kura ya bahati ili asiwepo wa meza ya soda, na kura zikishafungwa majina yote yabandikwe palepale kabla hotuba hazijaanza, watu wakiwa bado ukumbini. MamaMilulu, hapo je?

#40 MamaMilulu
Kabla ya hotuba nakubali. Lakini na vikapu viandikwe aliyesuka, siyo kikundi. Hilo nalitaka kwa maandishi.

#41 Kihesa_Juu
Bado hujanijibu namba 14 na kundi la ukoo.

#42 Nyasa_Kaskazini
Na kuna swali hakuna aliyeliuliza. Daftari linaloonyesha namba hii ni ya nani litakaa kwa nani? Huyo mtu ndiye atakuwa na mamlaka kuliko majaji wote.

#43 Loleza
Apewe BrashiYaUyole, si ndiye mwenye uchungu.

#44 BrashiYaUyole
Siwezi kulishika. Yule kijana wa viazi nimeshaanza kumfundisha, na mwakani anashindana.